Mzee Anayesahau Si Mchawi: Mleteni Mapema

Ndugu msomaji, kama nyumbani mwako kuna baba mzee au mama mzee, soma maneno haya polepole, tena uyasome mbele ya jamaa yote.

Kila mtu husahau. Umeweka ufunguo mahali, unautafuta, halafu unakumbuka. Huo si ugonjwa. Angalia habari za Barzilai katika 2 Samweli 19. Alikuwa na miaka 80. Alimweleza Mfalme Daudi kwamba hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji. Mwili ulichoka, lakini akili ilikuwa nzima: alijua umri wake, akakataa safari kwa heshima, akamtoa Kimhamu aende mahali pake. Huo ndio uzee.

Ugonjwa ni jambo lingine. Mama aliyeuza sambaza sokoni Kadutu miaka mingi, sasa hawezi kuhesabu baki ya mnunuzi. Anauliza neno moja mara tano kabla bugali haujaiva. Anapotea katika njia ya kanisani aliyoizoea. Anasema binti yake amemwibia kitambaa, kumbe amekificha mwenyewe chini ya godoro. Usiku anaamka, anavaa, anataka kwenda kwa wazazi wake waliokufa zamani. Mambo hayo huanza kidogo kidogo, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hayaoni. Ninyi mnaokaa naye ndio mtakaoyaona kwanza.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Jirani anamkuta njiani usiku, anamsikia akiongea na wafu, naye anasema, "Huyu ni mchawi." Sisemi habari za mbali. Mwezi wa Septemba 2021, hapa Kivu Kusini, wanawake wanane waliuawa kwa kushtakiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wazee. Sisemi kwamba hao walikuwa na ugonjwa huu. Nasema kwamba mama anayesahau hawezi kujitetea. Nabii wa chumba cha maombi akimwuliza kama aliwaloga watoto, aweza kuitikia ndiyo, kwa kuwa hakuelewa swali. Mkristo asimpeleke huko, wala kwa mfumu.

Ugonjwa uko katika ubongo. Ulio wa kawaida kuliko mingine unaitwa Alzheimer, kwa jina la mganga Mjerumani aliyeeleza habari zake mwaka 1906. Mwingine hutoka katika mishipa ya damu iliyoziba au kupasuka. Hiyo miwili haina dawa ya kuiponya.

Lakini si kila anayesahau ana ugonjwa huo, na ndiyo sababu twasema mleteni mapema. Udongo wa milima yetu una upungufu wa iodini. Katika miaka ya 1960 wachunguzi wa Lwiro waliwakuta watu wengi wa kisiwa cha Idjwi wana rovu. Tezi hiyo ya shingo ikikosa nguvu, mzee huwa mzito wa akili, husikia baridi, husinzia; vidonge vyaweza kumrudisha. Kaswende ya zamani, huzuni kubwa ya mjane, pombe, hata vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa ovyo, hufanana na ugonjwa huu. Tena mzee akichanganyikiwa kwa ghafula, kwa siku moja au mbili tu, msingoje: yaweza kuwa malaria au ugonjwa wa mkojo. Mleteni siku ile ile.

Je, twaweza kujikinga? Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2024 waganga waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliandika kwamba karibu nusu ya magonjwa haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Jambo moja ni tansio. Upimwe ukiwa na miaka 40, wala usiache vidonge kwa sababu kichwa hakiumi. Sukari vivyo hivyo. Acha tumbaku na kanyanga. Vaa kofia ngumu juu ya pikipiki. Mzee asiyesikia vema, masikio yake yaangaliwe, maana akikaa kimya peke yake akili hupungua upesi. Mwacheni achambue maharagwe, aimbe na wengine, aulizwe habari za zamani.

Siku ya kumleta, aje pamoja na yule anayekaa naye nyumba moja, na dawa zake zote katika mfuko, hata zile za sokoni na za mizizi. Tutapima tansio na damu. Tutamwuliza siku, mwezi, na majina ya wajukuu. Msimjibie, wala msicheke akikosa.