Isnadi ya Mashamba ya Chai

Tangu janga la Korona la mwaka 2020, maktaba nyingi zimeshika desturi ya kumwalika mwandishi wa historia azungumze na wasomaji wake kwa njia ya mtandao. Mwandishi hukaa kwake, msomaji kwake, na maswali hupitia katika simu. Kwetu akina mama faida yake iko wazi: mtu husikiliza na mtoto yuko mapajani. Tungetamani kuliona baraza la namna hiyo katika maktaba ya taifa iliyoko Kericho, na mazungumzo yawe juu ya ardhi ya chai.

Chai ya Kericho na Bomet huteremka hadi mnadani Mombasa, nasi twaitia iliki. Lakini historia ya ardhi inakoota ingali na mgogoro. Kampuni za Kiingereza zilianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, juu ya ardhi walikoondolewa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho. Watu wazima na watoto wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Mwaka 2022 wazawa wao pamoja na Wakipsigis wengine waliyafikisha malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Na aliyekuwa na miaka kumi wakati wa uhamisho ule, kama yu hai, amepita mia. Ushahidi wa mdomo unazikwa.

Vitabu vipo. Henry Mwanzi alitoa historia ya Wakipsigis mwaka 1977, naye Taaitta Toweett akatoa historia ya masimulizi yao mwaka 1979. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na bibi aliyebeba kikapu cha chai mgongoni maisha yake yote hakupata nafasi ya kumwambia mwandishi, "Hapa umekosea."

Watoto wetu wa madrasa hufundishwa kuuliza isnadi: nani kapokea kwa nani, na je, walikutana? Ndilo swali la kumwuliza mwandishi yeyote wa historia, kwa adabu, bila ya kumwonea haya. Ni nani aliyekusimulia? Alikuwapo, au alisikia? Na katika wasimulizi wako, wanawake walikuwa wangapi? Swali hili la mwisho si la kutafuta ugomvi. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokewa hadithi zaidi ya 2,000; umma haukuona taabu kuchukua elimu kwa mwanamke.

Yako mambo ya kutengeneza kwanza. Bando la intaneti haliokotwi njiani, hivyo maktaba ifungue ukumbi wake na kuweka skrini kwa wasio na simu. Baraza liwe Jumapili alasiri, kwani wachuma chai huamkia shambani siku za kazi. Awepo mkalimani wa Kikipsigis na Kiswahili. Na kila bibi atakayesimama kusema, arekodiwe kwa idhini yake, jina lake na la kijiji chake yaandikwe, na kanda ibaki maktabani hapo hapo Kericho, si Nairobi wala London.

Nasi wa pwani, ambao sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha wengi wetu maskwota katika mashamba ya babu zetu, tungejiunga kusikiliza, na kuuliza pia.