Kikombe Kimevunjika, Nani Kakivunja?

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, mshonaji mmoja wa miaka 42 alipanda basi akirudi nyumbani kutoka kazini. Viti vya Wazungu vilipojaa, dereva aliwaamuru abiria wanne weusi wa safu iliyofuata wasimame ili Mzungu mmoja apate kukaa. Watatu waliinuka. Rosa Parks akabaki kitini. Dereva akaita polisi, polisi wakamkamata, na siku nne baadaye mahakama ikamtoza faini ya dola 10, pamoja na dola 4 za gharama za kesi.

Ni nadra mwanafunzi wa Marekani kumaliza shule bila kulisikia jina la Parks. Kisa chenyewe anakisikiaje? Hapo ndipo penye ugomvi. Mwaka 2023 gazeti la New York Times liliandika kuhusu kampuni ya vitabu iliyotaka kuuza katika shule za Florida, ikiwa imeandaa matoleo matatu ya somo hilo kwa watoto wadogo. La kwanza lilitaja sheria ya kuwatenga watu kwa rangi. La pili liliiacha sheria, likasema Parks aliambiwa ahame kiti kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. La tatu lilisema aliambiwa ahame kiti. Basi.

Sisi wenye Kiswahili tunaujua mchezo huu tangu utotoni. Mtoto aliyevunja kikombe hasemi “nimekivunja”. Husema “kimevunjika”, kana kwamba kikombe kiliamka na kujivunja. Mabishano ya Wamarekani kuhusu historia ya haki za kiraia ni ya namna hiyo. Kumtaja Parks au Martin Luther King hakumkeri mtu. Wanasiasa wa pande zote huwasifu. Kinachogombaniwa ni kitenzi: je, mtoto aambiwe nani alitenda?

Ili kuuelewa mgogoro huu, sharti kwanza tuuelewe mfumo wao. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa, na sheria inaikataza serikali ya shirikisho kuziamulia shule cha kufundisha. Kila jimbo kati ya majimbo 50 huweka viwango vyake, na chini yake kuna takriban wilaya 13,000 za shule zenye bodi ambazo nyingi huchaguliwa kwa kura. Kwa hiyo kitabu cha historia huko ni suala la uchaguzi, kama barabara na kodi. Mchapishaji naye ni mfanyabiashara: akimwogopa mnunuzi, hukata sentensi kabla hajaambiwa.

Woga huo una chanzo. Kuanzia mwaka 2021 mabunge ya majimbo kadhaa yanayotawaliwa na chama cha Republican yalipitisha sheria za kudhibiti mafundisho kuhusu rangi. Florida ilifuata mwaka 2022, chini ya Gavana Ron DeSantis. Ukiisoma sheria yake, huoni popote inapokataza kufundisha utumwa au ubaguzi. Kwa kweli historia ya Wamarekani weusi ni somo la lazima Florida tangu 1994. Miongoni mwa inayoyakataza ni kumfundisha mwanafunzi kwamba, kwa sababu ya rangi yake, anapaswa kujiona mwenye hatia kwa matendo ya watu wa rangi yake wa zamani.

Wanaoitetea wana hoja ya kusikilizwa. Mtoto wa miaka saba hakumkamata Parks, na mwalimu anayewagawa watoto darasani kuwa wadhalimu na wadhulumiwa anawakosea wote. Mzazi naye ana haki ya kujua mwanawe anafundishwa nini. Shida ni mpaka. Mwalimu anayeonyesha picha ya umati ukimzomea msichana mweusi mlangoni mwa shule atajuaje ni nani atakayerudi nyumbani akisononeka, na mzazi gani atakayelalamika? Akiwa na kazi ya kulinda, ataruka ukurasa.

Hili si jipya. Mwaka 1974 wasomi wawili, James Loewen na Charles Sallis, walitoa kitabu cha historia ya Mississippi kilichoeleza waziwazi mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya Wazungu, pamoja na picha. Kamati ya jimbo iliyokikagua ilikuwa na Wazungu watano na weusi wawili. Watano walikikataa, wawili walikikubali. Waandishi wakaenda mahakamani. Shahidi mmoja wa upande wa jimbo aliposema kuwa mambo hayo yalikuwa ya zamani na hakuna haja ya kuyang’ang’ania, jaji alimuuliza kama kitabu hicho si cha historia. Mwaka 1980 waandishi walishinda.

Leo mahakama zinaelekea kwingine, kama inavyoonekana Arkansas. Mwaka 1957 shule ya sekondari ya Central, mjini Little Rock, Arkansas, ilihitaji askari wa jeshi la taifa, kwa amri ya Rais Eisenhower, ili wanafunzi tisa weusi waingie darasani, baada ya Gavana Orval Faubus kuwazuia. Agosti 2023, katika jimbo hilohilo, wizara ya elimu ilikataa kuitambua kozi mpya ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi miongoni mwa masomo ya kuhitimu, kwa kuhofia kwamba inakiuka sheria ya kuwakinga wanafunzi na kasumba. Gavana aliyeitia saini sheria hiyo, Sarah Huckabee Sanders, alisoma Central. Shule yenyewe iliendelea kuifundisha kozi. Kesi ilifunguliwa, na Julai 2025 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaamua kuwa mtaala ni kauli ya serikali, na mwanafunzi hana haki ya kikatiba ya kuilazimisha iseme anachotaka yeye. Maana yake, anayeshinda uchaguzi ndiye mwenye kalamu.

Kwa mtazamo wangu, hofu ya hatia hutibiwa kwa historia iliyo kamili zaidi. Dereva wa basi lile aliitwa James Blake. Miaka mingi baadaye alijitetea kwamba alikuwa akifanya kazi yake tu, na utetezi wake una ukweli ndani yake: sheria ilimpa mamlaka. Basi mwanafunzi aulize sheria ilitungwa na nani. Madiwani. Madiwani walichaguliwa na nani? Wapiga kura. Na ni nani aliyenyimwa kura? Hapo mtoto wa rangi yoyote amejifunza namna dhuluma inavyojengwa, tofali kwa tofali, na mikono ya watu wenye majina. Pia atakutana na majaji Wazungu tisa wa Mahakama ya Juu ambao mwaka 1954, kwa kauli moja, walitamka kuwa kutenga shule kwa rangi kunavunja katiba.

Sheria iliyovunja haki ilitungwa na watu, na watu ndio walioivunja sheria hiyo. Anayefundishwa kwamba kikombe kilivunjika chenyewe hatajua pia kwamba kuna walioinama wakaokota vigae.