Tyconius, Mwafrika wa Kale, na Usomaji wa Biblia kwa Wabaptisti

Moba, katika mkoa wa Tanganyika nchini Kongo, ni mahali ambapo Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Baudouinville mwaka 1893, na ambapo Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, akiwa Mkongomani wa kwanza kuupata chini ya utawala wa Wabelgiji. Kwa hiyo ni rahisi huko kuyahesabu maandishi ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo, kuwa urithi wa Wakatoliki peke yao. Mbaptisti anayeyapita kwa sababu hiyo anaiacha mali yake mwenyewe, kama anavyoonyesha Tyconius, mlei wa Afrika Kaskazini katika karne ya 4, aliyekuwa miongoni mwa Wadonati, Wakristo waliojitenga na Wakatoliki wakidai usafi wa Kanisa na wa wahudumu wake.

Yapata mwaka 382 Tyconius aliandika kanuni 7 za kufasiri Maandiko. Kanuni ya kwanza inahusu Bwana na mwili wake: katika Isaya 61:10 msemaji mmoja anajifananisha na bwana arusi na pia na bibi arusi, kwa kuwa Kristo na Kanisa husema kwa kinywa kimoja, na msomaji hana budi kupambanua ni nani anayesema katika kila neno. Augustino, askofu wa Hippo, aliyewapinga Wadonati vikali, alizieleza kanuni hizo katika De doctrina christiana, kitabu alichokikamilisha yapata mwaka 426, na humo humo akafundisha kwamba mahali penye giza pafasiriwe kwa mahali palipo wazi. Ungamo la Wabaptisti wa London la mwaka 1689 linashika njia hiyo hiyo, ingawa linasisitiza kwamba maana ya andiko ni moja, na kwa haki linamweka Mbaptisti mbali na Origen wa Alexandria, aliyeona katika andiko mwili, nafsi na roho.

Ufafanuzi wa Tyconius juu ya Ufunuo umepotea, lakini sehemu zake zimehifadhiwa na waandishi waliomfuata, nazo zinakisoma kitabu hicho kama mapambano ya Kanisa katika kila kizazi. Waumini wa Tanganyika, waliokwisha kuonja vita na ukimbizi, wanahitaji sana usomaji huo kila mhubiri anapogeuza kila vita kuwa tarehe ya mwisho wa dunia.

Hata hivyo Tyconius anamuuliza Mbaptisti, anayetaka Kanisa la waumini peke yao, swali gumu, kwa kuwa aliona katika Maandiko kwamba ngano na magugu vitakaa pamoja ndani ya Kanisa hadi mavuno. Kwa mafundisho hayo sinodi ya Wadonati ilimhukumu, naye hakuhamia kwa Wakatoliki, jambo lililomshangaza Augustino.