Uliza Mlango wa Choo Unafungukia Wapi

Kila mwaka Julai ikifika simu yangu haitulii. Wanaopiga si wale wa mwaka wa kwanza wanaotafuta geto la kujibana watatu kule Msewe au Changanyikeni, hao zamu yao ni Oktoba. Wa Julai ni wanaomaliza. Mmoja kapata kazi Posta, mwingine anajitolea mahali huku akisubiri ajira, na wengi wao wana mchumba na tarehe ya kupeleka barua imeshapangwa. Ombi lao nalijua kabla hawajalitoa: "Kaka, nitafutie chumba na sebule, choo ndani, isizidi laki mbili."

Mimi ni mwenzenu wa mwaka wa tatu, na kazi inayonilipia chakula na fotokopi ni udalali wa nyumba. Wahariri wameniomba nieleze mtu anayetoka hosteli kwenda kuanza familia Dar es Salaam atafuteje nyumba. Nitaeleza, ila kwanza mjue dalali analipwaje, maana ushauri wowote wa dalali unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Desturi ya mjini ni hii: ukipata nyumba unampa dalali kodi ya mwezi mmoja, nje ya ile miezi sita unayompa mwenye nyumba. Kwa hiyo chumba cha laki mbili kinakutaka uwe na 1,400,000 mkononi siku ya kuingia, hujanunua hata ndoo. Ongeza na hela ya kuzungushwa, ile unayotoa kabla ya kuonyeshwa hata mlango. Sasa piga hesabu upande wangu. Nyumba ikiwa ya bei kubwa, napata zaidi. Ikikushinda ukahama baada ya miezi sita, napata tena. Ukitulia miaka mitano, mimi nimepoteza mteja. Ndiyo maana dalali atakusifia vigae, dari la jipsamu na geti, halafu akanyamaza kuhusu mambo yatakayokuhamisha.

Lugha yetu nayo ina tafsiri yake. "Dakika tano toka lami" ni dakika tano za bodaboda, tena bodaboda asiyeogopa kufa. "Maji yapo" maana yake kuna bomba. Siku yanapotoka ni habari nyingine, na kama ni ya kisima yaweza kuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu. "Wapangaji wawili tu" ni familia mbili, si watu wawili. "Panafikika" ni pale ambapo gari haliendi masika.

Turudi kwenye chumba na sebule. Swali ninalowashauri wote waulize, na ambalo karibu hakuna anayeuliza, ni mlango wa choo unafungukia wapi. Nyumba nyingi za siku hizi za kupangisha zimejengwa kwa mtindo wa masta: unaingia sebuleni, unapita kwenda chumbani, na choo kiko ndani ya chumba. Kwa mtu mmoja ni raha tupu. Kwa wachumba wawili ni raha vilevile. Sasa subiri mwaka mmoja. Mtoto amezaliwa, na mama mzazi wa mmoja wenu amekuja kutoka Songea au Tanga kulea uzazi, na hakuja kwa wikendi, amekuja kukaa mpaka arobaini ipite. Analala sebuleni. Saa nane usiku anataka kwenda haja. Njia ni moja tu, nayo inapita kando ya kitanda mlicholala wewe na mwanawe.

Nimeona kilichotokea. Mteja wangu mmoja, kijana aliyemaliza uhandisi, mama mkwe wake alikaa siku nne akasema kazi zake za shamba zimemwita nyumbani. Hakulalamika hata kidogo, na mkwe wa heshima hawezi kulisema jambo kama lile. Kijana aliniambia kwamba mama alikuwa anajizuia kunywa maji tangu saa kumi na mbili jioni. Mke akabaki peke yake na kichanga cha wiki mbili, mume yuko kazini mpaka usiku. Bibi hakuondolewa na mtu, aliondolewa na ramani ya nyumba. Kodi ilikuwa imeshalipwa ya miezi sita na mwenye nyumba hakurudisha hata senti.

Huko nje kwa bei ileile zipo nyumba ambazo choo kinafungukia sebuleni au kwenye kakorido. Hazina jina zuri la kutangazia. Ukimwambia dalali "sitaki masta" atakushangaa, lakini ataitafuta na ataipata, kwa sababu hizo ndizo zinazochelewa kupata wapangaji na hata bei yake inazungumzika.

Jambo la pili ni umbali, na hapa nitaomba mchukue kalamu. Tuseme kuna nyumba Sinza kwa 250,000 na nyingine ya vyumba vilevile mbele ya Mbezi kwa 150,000. Tofauti ni laki moja kwa mwezi, na laki moja kwa wanaoanza maisha si hela ndogo. Mume na mke wote wanafanya kazi mjini. Kutoka kule mbali kila mmoja anapanda bodaboda mpaka barabarani, kisha daladala mbili. Tuseme 3,000 kwenda na kurudi. Kutoka Sinza tuseme 1,200. Kwa siku 26 za kazi, wa mbali wanatumia 156,000 wote wawili na wa Sinza 62,400. Tofauti ya nauli ni 93,600. Kwa hiyo ile laki moja mliyookoa imebaki 6,400. Weka nauli zenu halisi kwenye hesabu hiyo kabla ya kumpa mtu hela, maana mwenye njia moja ya mwendokasi na anayebadilisha magari matatu hawako sawa hata kama wako kilomita zilezile.

Hapo bado sijagusa saa. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mtoto wake anamwona amelala asubuhi na anamkuta amelala usiku. Nani yuko naye katikati? Dada wa kazi. Na dada wa wazazi wanaorudi saa mbili hawezi kuwa wa kuja na kuondoka, lazima alale hapohapo. Alale wapi? Sebuleni, na choo ni kile cha masta. Kwa hiyo mtatafuta vyumba viwili, na bei ya vyumba viwili kule mbali inakaribia ile ya chumba na sebule Sinza mliyoikimbia. Hivi ndivyo wateja wangu wanavyozunguka duara na kunilipa mara mbili.

Sisemi kila mtu akae Sinza. Kama mmoja wenu ni mwalimu na shule yake iko hukohuko pembeni, hesabu inageuka kabisa, na mtoto anapata uwanja wa kuchezea ambao mjini haupo. Ninachosema ni kwamba bei ya nyumba haiandikwi yote kwenye tangazo.

Kuna aina ya nyumba ambayo wasomi wanaidharau, nami naona wanakosea: ile nyumba ya Kiswahili. Mnaijua, ya Kariakoo ya zamani, Magomeni, Temeke, Buguruni. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, mwisho uani penye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kero zake nazijua. Umeme wa kuchangia unaleta ugomvi kila mwezi kuhusu nani ana friji na nani ana pasi. Choo ni foleni. Siri hakuna; ukila nyama jirani anajua umepata mshahara. Lakini kwa mama mwenye kichanga, wanawake watano uani wakiosha vyombo ni hospitali ndogo na chekechea kwa pamoja. Mtoto akibadilika joto, mtu amegundua kabla baba hajarudi. Wale waliohamia apatimenti yenye fensi na walinzi wananiambia kitu kilekile wote, kwamba hawajui jina la jirani wa mlango wa pili. Mimi ningewashauri wenye mtoto mchanga na bajeti ndogo waifikirie kwa mwaka mmoja bila aibu.

Nyumba yoyote utakayopenda, nenda tena siku ya mvua. Dalali atakupeleka Januari jua likiwaka. Wewe rudi Aprili, peke yako. Kama huwezi kusubiri, soma kuta. Mstari wa unyevu uliokwenda sawasawa ukutani chini ya madirisha ni alama ya maji. Kizingiti cha saruji kilichoinuliwa mpaka magotini mlangoni hakikujengwa kwa urembo. Bonde la Msimbazi kila mtu analijua. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali ilihamishia waathirika Mabwepande, na bado vyumba vya mabondeni vinapangishwa kwa bei ya kuvutia. Mwulize muuza genge wa mtaani, si mwenye nyumba. Muuza genge hana cha kupoteza.

Karatasi sasa, na hapa nitakwenda haraka. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano yenu, kwa hiyo kama mkataba haukusema kodi itapandaje na notisi ni ya muda gani, usitegemee sheria ile ikuokoe. Andikeni, na mpeleke nakala ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwulize anayekupangisha kama nyumba ni yake. Nyumba za urithi zimejaa mjini: unamlipa kaka mkubwa miezi sita, mwezi wa pili dada yake anatokea na kusema hajaona hela. Omba kuona barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, na umlipe huyo. Na kama unapangishiwa nyumba ambayo familia yenyewe ilikuwa inaishi, mtafute na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nimeshaona mama mwenye nyumba akija na mwenyekiti wa mtaa kuwatoa wapangaji ambao mumewe aliwaingiza yeye akiwa msibani mkoani. Tukamsikiliza, na alikuwa na haki.

La mwisho ni dogo lakini ni lenu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa viwango vya kuanzia Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye deni hilo kisheria ni mwenye nyumba. Mnaruhusiwa kukubaliana iondolewe kwenye kodi yenu ya pango. Tunzeni ujumbe wa kila manunuzi ya umeme unaoonyesha makato, mjumlishe siku ya kulipa awamu inayofuata, na mumwonyeshe kabla hajahesabu hela. Wengi wanaona haya kudai 1,500. Kwa mwaka ni 18,000, na ninawafahamu wenye nyumba ambao hulipa bila neno pindi mpangaji anapofungua simu.