Koleo la Kubana Kose: Tulinunue Pamoja, Tulichague Vizuri

Harufu ndiyo iliyotushtua. Haikuwa harufu ya makala wala ya mafuta ya mawese, ilikuwa ya plastiki inayoungua. Mashine yetu ya kusaga sombe ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi, na batri zake zilikuwa zimepangwa chini kwenye korido ya mama mmoja wa kikundi, hapo hapo watoto wanapopita kwenda kulala. Mwenye nyumba alizima mashine haraka. Tulipoangalia, ganda la waya mnene lilikuwa limeyeyuka kama ubani, na shina la batri lilikuwa limeanza kulika.

Wote tulisema: batri ni mbaya, tumeuziwa za bandia. Lakini fundi mwingine alipokuja kupima, alikuta batri ni nzima na konvertisere, ile mashine inayogeuza umeme wa batri kuwa umeme wa nyumbani, nayo ni nzima. Kilichoharibika kilikuwa kitu kidogo kama kidole gumba: kose, kile kichwa cha shaba kinachovikwa mwisho wa kebo ili kifungwe kwa bulongi kwenye batri. Fundi wa kwanza hakuwa na koleo lake. Alikigonga kwa nyundo na patasi, akazungusha utepe mweusi juu, akapokea malipo yake akaenda.

Hapa Makiso, kama katika komini zingine za Kisangani, tunategemea umeme wa bwawa la Tshopo, na tunajua sana maana ya kukatiwa. Ndiyo sababu vikundi vingi vya mama vinaweka pesa ya likelemba kwenye batri, sahani za jua na konvertisere. Tunajadili bei ya batri siku tatu, lakini kose hakuna anayeiuliza. Leo tuiulize.

Kwa nini kitu kidogo kinaunguza nyumba

Mashine ya wati 1500 inayotumia batri za volti 12 inavuta ampea 125, na wakati wa kuanza kuzunguka inavuta zaidi. Umeme wote huo unapita ndani ya kose moja. Kama nyuzi za shaba hazikubanwa vizuri, umeme unapita kwa shida, na shida hiyo inageuka joto. Kizuizi kidogo sana, cha elfu moja ya omu, kwa ampea 125 kinatoa joto la karibu wati 16. Hizo ni kama taa mbili za LED za wati 8, ila nguvu yote inakuwa joto, na joto lenyewe limefungwa mahali padogo kama kidole. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Shaba ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, kose inalegea zaidi, na kesho yake joto ni kubwa kuliko la leo.

Kwa hiyo koleo zuri si anasa ya fundi. Ndilo linalofanya nyuzi na kose viwe kitu kimoja.

Aina tatu utakazoonyeshwa dukani

Kwanza, lile la kugongwa kwa nyundo. Unaweka kose katikati, unapiga ncha yake kutoka juu. Ni la bei ya chini kuliko yote. Linaweza kubana, lakini kila pigo ni tofauti: leo umepiga sana kose imepasuka, kesho umepiga kidogo nyuzi zinacheza. Kwa kazi ya dharura linasaidia. Kwa mashine ya kikundi, hapana.

Pili, lile la mikono mirefu, linalofungwa kwa nguvu za mikono miwili kama mkasi wa kukatia chuma. Taya zake huzungushwa au kubadilishwa kulingana na unene wa kebo. Halina mafuta ya kuvuja, na linadumu. Shida yake ni nguvu: kwa kebo za kati linafaa, lakini kwa kebo nene sana mtu mmoja anachoka kabla taya hazijafika mwisho, na kose iliyobanwa nusu ni hatari kama ile ya nyundo.

Tatu, koleo la mafuta, linalopampwa kama jeki ya gari. Huja ndani ya sanduku pamoja na jozi za taya, kila jozi na namba yake. Mama yeyote anaweza kulitumia, kwa sababu nguvu inatoka kwenye mafuta, si kwenye mabega. Ni ghali kuliko mengine mawili, lakini mara nyingi bei yake haifiki bei ya batri moja kubwa. Uliza pia kama mipira yake ya kuzuia mafuta inapatikana, maana hiyo ndiyo inayochakaa kwanza.

Na kuna lile dogo la rangi nyekundu na bluu, la nyaya za taa na redio. Usikubali fundi alitumie kwenye kebo ya batri. Halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Namba ndizo zinazosema ukweli

Kabla ya kwenda dukani, jua kebo yako ni ya unene gani. Hapa kwetu unene huandikwa kwa milimita za mraba: 16, 25, 35, 50, 70. Kose nayo ina namba. Ukiona 35-8, maana yake ni kebo ya 35 na tundu la bulongi ya milimita 8. Taya za koleo nazo ziwe na 35. Namba tatu zikubaliane: kebo, kose, taya.

Vifaa vingine vinatengenezwa kwa vipimo vya Marekani, ambavyo vina namba nyingine kabisa. Huko, kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo waya unavyokuwa mwembamba: ile ya 2 ni kama milimita za mraba 33, ile ya 4 ni kama 21 tu. Kama muuzaji hawezi kukueleza taya zake ni za kipimo gani, usilipe.

Tena, kama kebo haiingii ndani ya kose, usimruhusu fundi kukata nyuzi chache ili iingie. Kila uzi uliokatwa ni njia ya umeme iliyofungwa. Kama kose inacheza kwenye kebo, usijaze vipande vya waya. Tafuta kose yake.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na kipande cha kebo yako na kose mbili. Mwambie muuzaji abane moja mbele yako, kisha fanya haya:

1. Shika kose kwa koleo la kawaida na uvute kebo kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata kidogo, koleo hilo au taya hizo hazifai.
2. Angalia umbo. Taya zenye pembe sita ziache pembe sita safi pande zote. Mabawa makubwa ya shaba yakitokea pembeni, taya ni ndogo mno.
3. Omba msumeno wa chuma, ukate kose katikati ya mahali palipobanwa. Ndani uone shaba kama jiwe moja. Ukiona matundu kati ya nyuzi, taya ni kubwa mno, hata kama namba iliyoandikwa ni sawa.

Kose moja iliyokatwa ni hasara ndogo. Kwenye masanduku ya bei rahisi namba za taya zinaweza kudanganya, na msumeno ndio unaozifichua.

Ukiwa hapo, kwangua uzi mmoja wa kebo kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na haibebi umeme sawa na shaba kamili. Waya wa aluminiamu, kama ule unaotoka kwenye nguzo kuja nyumbani, haufungwi kwa kose ya shaba tupu: madini hayo mawili yakikutana na unyevu wetu huu yanalana. Kuna kose zake maalumu.

Baada ya kufunga

Kose ilale moja kwa moja juu ya shina la batri, bila kikafi katikati. Kikafi kinakaa juu, chini ya nati. Ukifungua, anza na upande wa hasi, na uvue pete na bangili za chuma.

Acha mashine ifanye kazi robo saa, uizime, kisha upitishe mgongo wa mkono karibu na kila kose. Zote ziwe na joto moja. Ile iliyo moto kuliko wenzake ndiyo yenye ugonjwa. Sisi sasa tunafanya hivi kila Jumamosi kabla ya kugawana mapato. Kazi yake haizidi dakika tano.

Nasi tulilipa shina la batri, kebo mpya, na siku nyingi bila sombe ya kuuza. Tulipopiga hesabu, hasara ilizidi bei ya koleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pendekezo langu kwa vikundi ni hili: mtu mmoja asinunue koleo peke yake, maana atalitumia mara tatu kwa mwaka. Likelemba mbili au tatu zichange, zinunue moja la mafuta lenye taya za 16 hadi 70, liwe na mtunzaji na daftari la anayeliazima. Fundi akija bila koleo, mpe letu. Akikataa kulitumia na kutafuta nyundo, mwambie asante, arudi nyumbani. Na mama wawili wa kila kikundi wajifunze kulipampu, ili siku fundi asipopatikana, watoto wasilale karibu na kose iliyogongwa kwa patasi.