Kisukari: Ogopa kidonda kisichouma

Mama mmoja muuza mboga karibu na steji ya Kawangware 46 alikuja kwangu kuchukua dawa zake za sukari. Mjukuu aliyemsindikiza ndiye aliyelalamika kwamba kiatu cha nyanyake kinanuka. Nilipomvua raba, nikakuta msumari umepenya soli na kumchoma chini ya kidole gumba. Alikuwa ameukanyaga kwa siku tatu.

"Daktari, mbona sikusikia uchungu?" akaniuliza.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva za miguu. Kwanza mtu huhisi ganzi, au nyayo kuwaka moto usiku. Hatimaye hahisi kitu. Mishipa ya damu nayo huweza kuwa myembamba, hata damu ya kuponya isifike. Wengi husema mwenye kisukari haponi kidonda. Hupona, ila kidonda asichokihisi hukikanyaga kila siku.

Daktari mpasuaji Paul Brand aliliona jambo hilo kwa wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, tangu miaka ya 1940: vidole vyao viliharibiwa hasa na majeraha wasiyoyahisi. Na msomaji asidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa miguu na panya wakiwa usingizini.

Unaweza kujipima nyumbani. Fumba macho, mtu akuguse taratibu kwa ncha ya kidole chake kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Ukikosa kuhisi mara mbili au zaidi kati ya hizo sita, mwone daktari hata kama huna kidonda.

Kidonda kikishatokea, daktari huondoa nyama iliyokufa, hupima kama damu inafika, na hushusha sukari. Antibiotiki ni za kumeza au kudungwa, tena pale tu penye maambukizi. Ile desturi ya kupasua kapsuli na kunyunyizia unga wake kidondani haisaidii, wala maji moto ya chumvi, ambayo huunguza mguu usiohisi. Mguu ukivimba, ukiwa mwekundu au ukianza kunuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kungoja hadi kesho kunaweza kukugharimu mguu.

Lakini tiba ngumu kuliko zote ni kuuondolea mguu uzito. Mama yule nusura tugombane. "Nikikaa, nani atauza sukuma wiki?" Hakuwa amekosea, kodi ya nyumba haingoji kidonda. Tulikubaliana binti yake asimame kibandani, yeye akae akikata mboga, mguu juu ya kreti. Kidonda kilifunga baada ya wiki tisa.

Sasa hutia mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Juzi alitoa kifuniko cha soda.