Kila Saa na Sahani Yake

Mgeni aliyepanga gesti Magomeni, Mwananyamala au Tandika, jijini Dar es Salaam, hana haja ya kuuliza orodha ya vyakula. Atazame saa. Huku uswahilini mlo hufuata muda, na anayeshika muda hula vizuri kuliko mwenye pesa nyingi aliyechelewa.

Saa 12 asubuhi karai la mafuta limeshachemka: vitumbua, maandazi, chapati na chai ya rangi. Anayetaka kitu kizito hutafuta supu ya ng'ombe au ya mbuzi, akakamulia ndimu, akatia pilipili na kuila kwa chapati. Ikifika saa 4, supu nzuri imekwisha.

Mchana ni zamu ya mama ntilie. Kwenye benchi lake dereva wa bodaboda, fundi cherehani na karani wa manispaa huketi bega kwa bega, kila mmoja ameshanawa kwa maji ya kwenye jagi. Mgeni husalimia kwanza, kisha huuliza, "Mama, leo kuna nini?" Jibu huwa wali au ugali, na pembeni maharage ya nazi, mchicha, dagaa, nyama au samaki wa kukaanga. Akipita mtu anayefahamiana na walaji, ataambiwa "karibu". Naye hushukuru na kuendelea na safari yake.

Vibanda vingi havina friji, na hapo ndipo siri ya ratiba ilipo. Samaki hununuliwa soko la Feri alfajiri, mboga hutoka sokoni Tandale au Temeke Stereo, na kila kitu hupikwa kwa siku hiyohiyo. Mpishi hukadiria wateja wake, kwa sababu kinachobaki ni hasara yake. Ndiyo maana saa 7 mchana mgeni huchagua, lakini saa 9 huambulia maharage na ukoko.

Jua likizama, moshi huhamia barabarani. Mishkaki hugeuzwa juu ya mkaa, na muuza pweza hukatakata mikia na kumimina supu kwenye vikombe, huku akiwahakikishia wanaume kwamba nguvu zitarudi usiku huohuo. Jirani yake yupo muuza chipsi. Mtu wa Nairobi amezoea chipsi na mayai kama vitu viwili kwenye sahani moja. Dar es Salaam mayai yaliyopigwa humiminwa juu ya chipsi ndani ya kikaangio, vikashikana, vikageuzwa kama chapati nene. Hiyo ndiyo zege. Huliwa na kachumbari na tomato, mara nyingi kwa kijiti cha meno.

Kachumbari hiyo inahitaji jicho. Mlipuko wa kipindupindu uliosambaa Tanzania mwaka 2015 uliripotiwa kwanza Kinondoni, jijini hapa, mwezi Agosti, na ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Wali unaopakuliwa ukifuka mvuke si wa kutiliwa shaka sana. Cha kuchunguza ni kile kisichopita motoni: nyanya na vitunguu vilivyooshwa kwa maji ya ndoo, barafu ndani ya juisi ya miwa, na sahani zinazosuuzwa kwenye beseni moja tangu asubuhi. Mwenyeji hutazama beseni kabla ya kutazama sufuria.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii hupinduka. Kwenye mitaa yenye Waislamu wengi, kama Magomeni na Temeke, mama ntilie wengi huacha kupika mchana. Wachache wanaoendelea hutundika pazia mbele ya kibanda, na asiyefunga huingia humo akala kimya. Kuanzia saa 10 jioni meza hujaa barabarani: mihogo na magimbi ya nazi, viazi vitamu, tambi, kunde, uji wa pilipili manga. Mgeni hata kama hafungi anaweza kununua pamoja na wengine. Ila afike kabla ya adhana ya magharibi, kwani baada ya hapo muuzaji naye amekaa kufuturu.